Chunusi na Makovu Yake

Muhula uliopita wanafunzi watatu wa kidato cha pili walinijia, kila mmoja kwa siku yake na kila mmoja kwa sauti ya chini, wakitaka niwaambie dawa ya kuondoa makovu ya chunusi. Walinichagua mimi kwa sababu yajulikana bwenini kwamba wakati wa likizo hukaa kwa mjomba wangu, ambaye ni mfamasia katika duka la dawa huko Nakasero, Kampala, nami humsaidia kupanga masanduku na kufagia. Swali ambalo watu watatu huliuliza kwa siri, bila shaka thelathini wanalo moyoni. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri nafasi ili niwajibu wote kwa mara moja. Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa mjomba na katika masomo ya bayolojia, na mwuguzi wa shule ameyasoma kabla hayajapigwa chapa.

Najua wako watakaocheka na kusema kuwa habari za uso ni habari za wasichana. Na wacheke. Lakini tunaye mwenzetu ambaye muhula mzima hakuinua mkono darasani, ingawa majibu alikuwa nayo, kwa kuwa hakutaka watu wageuke kumtazama. Yuko na mwingine aliyejitoa katika kwaya kwa sababu hiyo hiyo. Jambo linalomnyima kijana sauti yake si la mchezo.

Kwanza yafaa tujue chunusi ni nini. Ngozi yetu imejaa vitundu vidogo sana, na katika vitundu hivyo huota vinyweleo. Kando ya kila kinyweleo, ndani ya ngozi, iko tezi ndogo itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto akikaribia kubalehe, homoni za mwili huziamrisha tezi hizo zikue na kutoa mafuta mengi kuliko zamani. Tezi zilizo kubwa na nyingi ziko usoni, kifuani na mgongoni, ndiyo maana chunusi hupenda kukaa pale na wala hazitoki kiganjani. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa, ambazo zingepaswa kutoka nje, hushikamana na mafuta na kuziba mdomo wa kitundu. Ndani ya kitundu kilichozibwa mna mafuta na hewa ni haba, na humo hustawi bakteria ambao kwa kawaida huishi katika ngozi ya kila mtu bila kuleta taabu. Mwili ukiona wamezidi hutuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu, na hapo mahali huvimba, hupata joto na maumivu, na mwishowe usaha. Inakisiwa kuwa vijana 8 katika kila 10, au zaidi, hupatwa na chunusi kwa kiasi fulani kati ya miaka 12 na 24.

Angalieni kwamba katika maelezo hayo sikutaja uchafu. Ile nukta nyeusi inayoonekana katikati ya chunusi nyingine si vumbi la barabarani, bali ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe, vilivyogeuka baada ya kukutana na hewa. Kijana anayejisugua kwa sabuni ya kufulia mara sita kwa siku haondoi chunusi, ila anaikwaruza ngozi na kuikausha, na ngozi iliyokwaruzwa huvimba zaidi. Mara mbili kwa siku yatosha, kwa sabuni isiyo kali, kwa vidole wala si kwa dodoki. Tena sikutaja karanga, ingawa wengi wetu nyumbani tumekatazwa karanga kwa ajili ya chunusi. Hakuna aliyethibitisha kosa la karanga. Juu ya vitu vyenye sukari nyingi, kama soda, ushahidi upo kidogo, na hakuna hasara kuvipunguza. Wako pia wanaowanong'oneza vijana kwamba chunusi huisha mtu akimjua mwanamke. Huo ni uongo, na umewaharibia watu mambo makubwa kuliko uso.

Sasa tuje kwenye kovu. Kitundu kilichojaa usaha ni kama mfuko. Mfuko huo ukipasukia nje, usaha hutoka na ngozi hupona. Ukipasukia ndani, usaha humwagika katika tabaka la chini la ngozi. Huko kuna nyuzi imara ziitwazo kolajeni, ambazo zinaishika ngozi kama fito zinavyoushika udongo wa ukuta. Uvimbe huzila nyuzi hizo. Baadaye mwili hurudi kujenga palipobomoka. Ukijenga sawasawa, hapabaki kitu ila rangi. Ukijenga pungufu, ngozi hubonyea na kuacha shimo. Ukijenga kupita kiasi, huinuka uvimbe mgumu. Chunusi zenye hatari kubwa ni zile za ndani, nene, zenye kuuma kama jipu, na zile zinazokaa majuma mengi bila kutibiwa. Lakini hata ndogo zaweza kuacha shimo zikichokozwa.

Hapo ndipo mkono wetu unapoingia. Yule anayetumbua chunusi mbele ya kioo hudhani anausukuma usaha nje. Kweli, sehemu hutoka, naye huiona na kufurahi. Sehemu asiyoiona husukumwa chini, ukuta wa kitundu hupasuka, na jambo lililokuwa la siku tano huwa la majuma matatu. Mjomba alinionyesha jambo hili kwa nyanya iliyoiva mno: aliibonyeza kutoka pande mbili, maji yakatoka juu, kisha akaikata nikaona jinsi nyama ya ndani ilivyopondeka. Tangu siku hiyo nikiona mtu ameegemea kioo cha bafuni na vidole viwili shavuni, naikumbuka nyanya ile.

Lakini kabla ya kutafuta dawa ya kovu, mtu ajue kama analo kovu. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote. Watu huita kovu vitu viwili vilivyo mbali kama ardhi na mbingu. Cha kwanza ni alama nyeusi. Ngozi yetu sisi Waafrika ina melanini nyingi, yaani ile rangi yake ya asili, na ngozi ya namna hiyo ikivimba huongeza rangi mahali palipovimba, na nyingine hudondokea tabaka la chini. Chunusi huondoka, rangi hubaki. Alama hiyo haina shimo wala kilima. Ni kama doa la chai katika kitambaa ambacho nyuzi zake zote ni nzima, nayo hufifia yenyewe. Huchukua miezi, na iliyozama sana huweza kupita mwaka, lakini hufifia, mradi chunusi mpya zisizidi kuja juu yake na jua lisizidi kuichoma.

Cha pili ndicho kovu lenyewe, ambalo umbo la ngozi limebadilika. Njia ya kuvitofautisha ni rahisi. Fumba macho, pitisha ncha ya kidole polepole juu ya shavu. Kisha simama kando ya dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, utazame katika kioo. Kama kidole hakihisi kitu na mwanga wa ubavuni hauonyeshi kivuli, ni alama tu. Katika wale watatu walionijia, wawili hawakuwa na kovu hata moja. Nyuso zao zilikuwa na madoa ambayo yangeondoka yakiachwa, nao walikuwa wamekwisha kukusanya fedha za kununulia krimu.

Kovu la shimo haliondoki kwa kungoja. Wazee wetu waliougua ndui walijua hivyo. Ndui ilipompata mtu na asife, mara nyingi ilimwachia uso wenye mashimo, na mashimo hayo alizikwa nayo. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekomeshwa duniani. Nyuso zile sasa ni chache sana kuonekana, na labda ndiyo sababu vijana wa leo hudhani kila shimo lina mafuta yake ya kulifuta. Hakuna mafuta ya kupaka yanayojaza shimo. Yaweza kulipunguza kidogo, basi.

Iko na aina ya tatu, ambayo sisi yatupasa kuijua zaidi ya Wazungu, maana hutupata sisi zaidi. Ni keloidi. Hilo ni kovu linaloinuka na kuendelea kukua, likavuka mpaka wa jeraha lililolizaa, na mara nyingi huwasha au kuuma. Hupenda kifua, mabega, pembe za taya na ndewe za masikio. Kama baba yako, mama yako au ndugu yako anayo keloidi, basi chunusi za kifuani kwako usizichezee hata kidogo, na usikubali mtu yeyote akukate chale au akuchome kwa chochote kwa kisingizio cha kuzitibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa ya kovu ni kuiwahi chunusi ingali chunusi. Katika maduka ya dawa kuna mafuta ya benzoili peroksaidi, ambayo huwaua wale bakteria na kusaidia kufungua vitundu. Wengi hununua yenye nguvu ya 10 katika 100 wakidhani kikubwa ndicho bora. Yale ya 2.5 katika 100 hufanya kazi karibu sawa na hayo, tena hayaunguzi sana. Nayo unguzo lake si neno dogo kwetu, kwa sababu ngozi yetu ikiunguzwa na dawa huacha alama nyeusi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia. Anza kwa kupaka kidogo usiku, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka ngozi izoee. Usipake juu ya chunusi moja moja kama mtu anayeziba matundu ya paa. Paka sehemu yote ambayo huota, kwa kuwa zile za juma lijalo zimekwisha kuanza chini na huzioni. Nami nawaonya wenzangu wa bweni jambo moja: dawa hii hupausha nguo. Kola ya shati jeupe haitadhurika, lakini foronya ya rangi, taulo na koti la shule vitapata mabaka ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote.

Iko dawa nyingine iitwayo adapalini, ya kupakwa usiku, ambayo huzuia vitundu kuziba. Hii husaidia sana watu wanaoelekea kupata mashimo, na pia huharakisha kufifia kwa alama nyeusi. Nayo ianzwe polepole, na mwanamke mwenye mimba asiitumie. Dawa hizi mbili hutumika pamoja mara nyingi, lakini afadhali mfamasia au tabibu akuelekeze namna ya kuzipanga.

Dawa hizi hazionyeshi kazi kabla ya majuma 8 hivi, na mara nyingi ni 12. Majuma 12 ni karibu muhula mzima! Katika majuma ya kwanza uso waweza hata kuonekana umezidi. Wengi huacha hapo, wakasema dawa ni mbovu, wakatafuta nyingine, nayo wakaiacha katika juma la tatu. Mjomba asema kwamba hawauzii watu dawa tano tofauti. Huwauzia juma la kwanza mara tano.

Juu ya vidonge vya antibayotiki, kama doksisaiklini, nasema kwa ufupi. Daktari huvitoa kwa chunusi zilizovimba sana, kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Kugawana vidonge vilivyobaki, viwili vyangu viwili vyako, kama inavyofanyika mabwenini, hakuponyi chunusi, ila kunawafunza bakteria kuizoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa ugonjwa mkubwa zaidi. Kwa chunusi nzito kabisa kuna isotretinoini, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1982. Ina nguvu kuliko zote, lakini mwanamke akiitumia huku ana mimba, mtoto aweza kuzaliwa na kilema kibaya. Hiyo ni ya daktari peke yake, na dada zetu wasiipokee kwa mtu mwingine yeyote.

Nisisahau mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika juu ya chunusi zinazotokea kwenye paji la uso na panda za uso kwa watu wanaopaka mafuta mazito kichwani. Mafuta huteremka, vitundu huziba. Mwenye chunusi za kwenye paji la uso peke yake aanze kwa kuacha mafuta hayo kabla ya kununua dawa.

Na kinyozi je? Wavulana wengi hapa shuleni wana vipele vigumu kisogoni, juu kidogo ya kola, nao huviita chunusi. Si chunusi za kawaida. Nywele zetu za kujipinda zikikatwa chini mno, huvimbisha vitundu vya kisogo, hasa mahali ambapo kola husugua. Kwa ndevu, ncha iliyokatwa hurudi ikaingia tena katika ngozi. Vikiachwa miaka, vile vya kisogoni hugeuka kuwa makovu magumu kama keloidi, na nywele hazioti tena pale. Dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani: mwambie kinyozi asiteremshe mashine mpaka kwenye ngozi, abakize nywele fupi, na asipitishe wembe shingoni. Sheria ya shule yataka nywele fupi; haijataka kipara. Tena mashine isafishwe kwa dawa kabla haijapita kichwani mwako, maana imetoka katika kichwa cha mwingine.

Sasa nafika mahali penye hatari kweli. Kilima cha Nakasero kina sura mbili. Juu kuna ofisi, nyumba kubwa na miti, na chini kuna soko la matunda na mboga, na kulizunguka, barabara zilizojaa maduka. Katika maduka ya namna hiyo, kama ilivyo katika miji yote ya Afrika ya Mashariki, krimu za uso husimama safu kwa safu, nyingine zina picha ya mwanamke mweupe kuliko mtu yeyote aliyepata kupita barabara ile. Mwenzetu mmoja, aliyeniruhusu kusimulia bila jina, alinunua kopo katika duka moja la mjini. Halikuwa na orodha ya vilivyomo. Mwuzaji alimwambia kwamba litaondoa makovu kwa siku saba. Na kweli, siku ya saba uso ulikuwa laini na wa kung'aa, sisi sote tukamsifu. Katika mwezi wa pili zikaanza kutoka chunusi ndogo ndogo zilizofanana zote kama mtama, ngozi ikawa nyembamba, ikimwuma akitoka juani. Alipoacha krimu, uso ukavimba kwa hasira. Akairudia, ukatulia. Akaiacha, ukavimba tena. Ikawa kama mtu aliyekopa kwa riba.

Mjomba alipomwona alijua mara moja. Krimu za namna hiyo mara nyingi hutiwa steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni dawa za kweli, nzuri kwa magonjwa fulani ya ngozi zikitumiwa kwa siku chache kwa amri ya daktari. Usoni, kwa miezi, huikonda ngozi, huotesha chunusi za aina yake, na ngozi huzitegemea. Katika krimu nyingine hutiwa zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Katika nyingine ni haidrokwinoni nyingi. Juu ya hii, madaktari wa Afrika ya Kusini waliandika mwaka 1975 kwamba baadhi ya waliotumia krimu zake ngozi ilikuwa imegeuka nyeusi ya samawati na kukwaruza, nayo hairudi kwa urahisi. Waliopaka ili weusi utoke walipata weusi usiotoka. Nchi hiyo ilizipiga marufuku krimu za kujichubua mwaka 1990. Hapa Uganda, Shirika la Viwango limekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyotiwa sahihi Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Minamata ulioteswa na sumu hiyo, nayo yanakataza zebaki katika vipodozi. Krimu hizo bado zapatikana, kwa kuwa kopo ni dogo na mpaka ni mrefu.

Basi usinunue krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, wala iliyochotwa kutoka chombo kikubwa ikatiwa katika kikopo, wala inayoahidi siku saba. Ngozi haijengwi kwa siku saba. Na anayetumia krimu ya namna hiyo sasa asiitupe leo kwa ghafula. Aende kwa tabibu ili aachishwe kwa utaratibu. Mwenzetu yule ilimchukua miezi minne.

Limao la sokoni nalo waliache kwenye chai. Maji ya limao au ndimu yakikauka usoni na jua likayapiga, ngozi huungua na kubaki na mabaka meusi. Dawa ya meno huikausha chunusi na kuiunguza ngozi iliyo kando yake. Kinachosaidia alama nyeusi, mbali na adapalini na subira, ni kujikinga na jua, maana Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na katika mwinuko wa mita 1,200 hivi. Kofia yenye ukingo yafaa, na mafuta ya kuzuia jua kwa awezaye kuyanunua.

Wanafunzi wa zamani wanaosoma kurasa hizi huenda wakasema, haya yote yamekuja kwa kuchelewa, makovu tunayo tayari. Kwao nina neno. Mashimo yaweza kupunguzwa, ingawa hakuna awezaye kuirudisha ngozi kama ilivyokuwa. Wako madaktari wanaotoboa ngozi kwa sindano nyingi fupi ili iamke na kujenga kolajeni mpya; hufanywa mara kadhaa, kwa kuacha majuma kati yake. Kwa shimo jembamba na refu, hudondoshewa asidi kali kwa ncha ya kijiti. Kwa ngozi iliyovutwa chini kama godoro lililoshonwa, hupitishwa sindano chini yake kukata nyuzi zinazovuta. Iko na mionzi ya leza, lakini katika ngozi nyeusi huweza kuacha alama, kwa hiyo mwulizeni daktari ni nyuso ngapi za rangi yetu alizokwisha kuzitibu. Yote haya ni ghali, na hayaanzwi mpaka chunusi zenyewe zimetulia. Wala msimpe nafasi mtu wa mtaani mwenye sindano zilizokwisha kutumika kwa mwingine. Kwa njia hiyo hupita virusi vya ini na vya UKIMWI.

Keloidi hutibiwa kwa kudungwa sindano ya triamsinoloni ndani ya uvimbe wenyewe, mara kwa mara, kila baada ya majuma manne hivi. Ikikatwa tu kwa kisu bila tiba nyingine, mara nyingi huota tena, na pengine kubwa kuliko ya kwanza. Nimewaona waliokatwa mara mbili. Mwulizeni mpasuaji atafanya nini baada ya kukata, kabla hajakata.

Kwa wale wa kidato cha sita wanaofikiri kazi ya kufanya, niongeze kwamba madaktari wa ngozi ni wachache mno katika nchi zetu. Huko Moshi, Tanzania, penye hospitali ya KCMC, kiko kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na matabibu wa nchi nyingi za Afrika wamesoma pale. Mimi mwenyewe nimeanza kukitazama.

Mtu asingoje muhula wa pili kwenda kwa tabibu akiona dalili hizi: chunusi za ndani zenye kuuma, mashimo yameanza kuonekana, keloidi iko katika ukoo, dawa ya kupaka imetumiwa miezi mitatu kwa uaminifu bila faida, au moyo umeinama hata hataki kuonekana na watu. Hii ya mwisho nayo ni dalili, na mwuguzi wetu amenihimiza niiandike. Aanze kwake, katika zahanati ya shule. Yeye atampa barua ya kwenda kliniki ya ngozi. Iko moja katika Hospitali ya Mulago. Siku ya kwenda, achukue katika mfuko makopo na tyubu zote alizopata kuzipaka, hata zile anazozionea haya, na kama kopo limekwisha, achukue kifuniko chake.